Makubadhi ya Sultani Sudi

Katika mji wa Marijani alitawala Sultani Sudi bin Mkadamu, mtu mwenye hazina na haiba na usingizi mwingi wa mchana, na siku ya kutimiza miaka ishirini ya enzi yake akaamuru lango lifunguliwe, wakubwa kwa wadogo waje barazani kutazama mchezo wa majini waliotoka nyuma ya milima saba. Watu wakavua viatu mlangoni kama ilivyo adabu, na Sultani naye akavua, wakaketi.

Majini wakatokea wamevaa viatu vile vile vya watu. Mkuu wao, Dahashi, akainama. "Maulana, sisi hatuna hadithi. Kiatu humpeleka mchezaji pale kilipozoea kwenda, na humsemesha yaliyosemwa huko."

Viatu vya kadhi vikamchukua jini mmoja hadi dirishani kwa mjane muuza kashata, mara tatu kwa asubuhi moja. Kadhi akashusha kilemba usoni, na Sultani akacheka kuliko wote.

Kisha zikaja ndara kuukuu zilizofungwa kwa ukambaa, na jini aliyezivaa akasema kwa sauti ya mwanamke, "Hodi. Mimi Zuwena. Mchumba wangu Khatibu, mfua shaba, amesingiziwa kuiba kitara, upanga wa Sultani, naye siku hiyo alikuwa kwetu kuleta posa. Mashahidi ninao saba. Naomba kumwona Sultani."

Jini mwenye viatu vya bawabu akajibu, "Sultani amepumzika. Njoo kesho."

Ndara zikarudi, zikaja tena, zikajibiwa yale yale. Mara ya tatu watu walicheka, ya kumi wakanyamaza, na ilipofika ya arubaini wanawake walikuwa wakilia waziwazi. Zuwena mwenyewe, aliyekuja akidhani leo atapata nafasi ya kusema, alikuwa ameketi nyuma kabisa akitazama sakafu.

Na muda wote huo jini aliyevaa makubadhi ya mahameli ya Sultani alikaa kitini akila zabibu, hatua kumi na mbili tu kutoka kwa yule bawabu. Sultani alizihesabu. Akakumbuka hukumu aliyoitia muhuri bila kuisoma, na kwamba Khatibu angekatwa kichwa kesho.

"Inuka wewe," akamwambia mchezaji. "Nenda ukamsikilize."

Jini akajaribu, akaanguka kitini. Dahashi akasema, "Tuwie radhi, maulana. Makubadhi haya hayaijui njia hiyo. Hayajapata kupelekwa."

Sultani akaona aibu ambayo hakupata kuiona tangu azaliwe, akashuka pekupeku, akapita mbele ya Zuwena asiweze kumtazama, akakanyaga changarawe ya moto hadi gerezani na kumfungua Khatibu kwa mkono wake. Mashahidi saba wakasikilizwa jioni ile, na kitara kikakutwa kwa mtunza ghala. Sultani akatoa mahari na nyumba ya mawe, na ngoma za harusi zikalia siku saba.

Majini walikwisha ondoka, viatu vimepangwa mlangoni jozi kwa jozi. Tangu hapo Sultani akawa anashuka langoni kila asubuhi, na alipokufa makubadhi yake yalikutwa yametoboka visigino. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, ila hawakututajia kwamba kati yao huenda pana hatua kumi na mbili. Nami hekaya yangu naitua hapa. Nanyi mkitoka, kabla hamjavaa viatu vyenu, vigeuzeni kwanza mzitazame nyayo zake.