Kiungulia cha Shamba la Longino

Mwenye kiungulia haongezwi ugali. Naona mmecheka, na mwenzenu aliyeambiwa maneno haya amenuna. Msimcheke sana. Watu waliotuachia methali hii walikosea kuliko yeye, tena walikuwa na mvi kichwani. Kilichowafikisha hapo ni shamba.

Huko milimani Umatengo, mvua ikianza haikumbuki kwao. Watu hulima kwa ngoro: hulaza majani makavu yakikatizana, huyafunika kwa udongo, katikati hubaki shimo la kunywa maji, na mbegu hupandwa kwenye matuta yanayolizunguka. Longino Kapinga aliachiwa na baba yake shamba la namna hiyo, ubavu mzima wa kilima. Alikuwa mchapakazi kwelikweli. Kasoro yake ilikuwa moja: aliamini hakuna tatizo duniani lisilotibika kwa kuongeza.

Mahindi yalipodumaa, aliongeza samadi. Maharage yalipogeuka manjano, akaongeza mbolea ya dukani. Mwaka uliofuata akaongeza vyote viwili, na mahindi yakamjibu kwa magunzi ya kuchokolea masikio. Kilichostawi ni lile gugu lenye majani machachu ambalo watoto hulitafuna huku wamekunja nyuso. Watoto walilipenda sana shamba la Longino.

Sasa, kule kuna desturi ya sengu. Wanaume wa ukoo hula pamoja nyumbani kwa babu, kila mke huleta chungu chake, na mambo ya ukoo huamuliwa palepale, ugali ukiwa mkononi. Shamba lile lilikuwa la ukoo. Babu yao, Mzee Kapinga, akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha, kwamba likishindwa tena msimu ujao atapewa Otmari, binamu yake Longino. Otmari akatazama paa kwa adabu, kama mtu ambaye hajasikia, lakini moyoni alikwisha kuchagua pa kupanda kahawa.

Longino akakosa raha. Akaanza kukonda, na kifua kikawa kinamwaka moto kila anapomeza. Kwenye sengu mtu hakatai chakula, maana kukataa ni kumtukana aliyepika. Babu alipouona mwili unaisha akaamini ni njaa, akawa anammegea mwenyewe bonge juu ya bonge. Alimwambia kwamba mwili ni kama shamba, usipolishwa hauzai. Longino alimeza huku machozi yakimlengalenga, na wenzake wakadhani ni shukrani.

Jioni moja mkewe, Eufrasia, alileta bakuli la mboga akamkuta babu ameinua bonge jingine. Wanawake hawakuwa na kawaida ya kusema mbele ya sengu. Eufrasia akapiga magoti, akatua bakuli, wala hakuinuka.

"Babu, nisamehe. Huyu hana njaa. Ana kiungulia."

"Nani kasema?"

"Mimi ninayelala naye, Babu. Usiku anacheua kama ng'ombe."

Wanaume wakainamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Babu akabaki na bonge lake hewani.

"Mwenye kiungulia haongezwi ugali," Eufrasia akasema. "Utatuulia mtu kwa mapenzi."

Akaenda jikoni kwa bibi, akarudi na maji ya jivu yaliyochujwa, yale ya kulainishia mboga ngumu, akayazimua. Longino akanywa funda. Moto wa kifua ukashuka taratibu, naye akayakodolea macho yale maji ya jivu hadi babu akamuuliza kama bado anaumwa.

"Hapana, Babu. Nalifikiria shamba. Nalo nimekuwa nikilimegea tu."

Akawaeleza alichokuwa akikiona kila siku bila kukitazama. Nyuma ya jiko la Eufrasia, penye jaa la jivu, maboga hujiotea na kunenepa, na lile gugu chachu halikanyagi. Kilima ni kilekile. Mvua ilikuwa imeuosha udongo wa shamba miaka nenda miaka rudi hadi ukachacha, na udongo uliochacha haufaidi hata ukipewa nini.

Lakini jivu la jiko moja linatosha tuta la mchicha, si ubavu wa kilima. Na kila mwanamke alilitunza jivu lake kwa ajili ya maboga yake. Eufrasia akapita nyumba kwa nyumba akiomba, bila kutegemea kitu. Wa kwanza kutokea alikuwa Kandida, mke wa Otmari, na debe kichwani. Mumewe alikuwa amemuuliza kwa nini anaizika kahawa yake kabla haijapandwa. Kandida naye akamuuliza kama maharage ya sengu huwa yanaanguka kutoka mbinguni. Baada yake wakaja wengine, kiangazi kizima.

Kabla ya mvua wakalichanganya jivu na udongo wa matuta, wakauacha utulie. Lilitosha nusu ya chini tu. Msimu ulipofika, nusu hiyo ilifunikwa na maharage hata mashimo ya ngoro hayakuonekana. Nusu ya juu watoto waliendelea kukunja nyuso. Nusu ilitosha. Babu hakulitaja tena jina la Otmari juu ya shamba lile.

Longino hakupeleka punje kwenye sengu kabla ya kurudisha kila debe kwa mwenyewe, limejaa maharage. Kwa Kandida alipiga magoti uani, na majirani wakiona. Otmari, aliyekuwa mlangoni, akakohoa, kisha akasema jivu la nusu ya juu atalibeba yeye mwenyewe.

Jioni ile babu akachukua ugali, akamega bonge, akalishikilia.

"Kwanza niambie, mjukuu wangu. Kinachokusumbua ni njaa?"

"Leo ni njaa, Babu."

Akamwekea, akamwekea tena. Na tangu siku ile, kwenye sengu ya akina Kapinga, mtu huulizwa kabla ya kumegewa, maana mwenye kiungulia haongezwi ugali.