Chui na Taa Inayofuta

"Hodi ya ngano!"

"Ije na kivuli chake!"

Nyie wa nyuma sikuwasikia. Mmekula mkashiba, sauti mmeziacha kwenye sinia? Nasema, hodi ya ngano!

"Ije na kivuli chake!"

Haya, hapo sawa. Kaeni vizuri. Na wewe uliyekaa karibu na mlango, usiugeukiegeukie. Kwa nini, utajua baadaye.

Alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Yule mnyama mdogo kama ngumi, mwenye pua ndefu isiyotulia, inanusa hapa, inanusa pale. Aliishi na mama yake shimoni chini ya kichaka. Shimo lenyewe lilikuwa na milango miwili, wa mbele wa kupokelea wageni, wa nyuma wa kuwakimbia wageni wabaya. Mama mtu alikuwa hodari wa kukaanga kumbikumbi, mpaka harufu ilishamganda mwilini. Hata akitoka kuoga mtoni, ananukia kumbikumbi.

Siku moja mama huyo akaenda kutafuta kuni, asirudi. Akatafutwa huku, hayupo. Akatafutwa kule, hayupo. Wala damu, wala unyayo. Kabla yake alipotea Nungunungu, na kabla ya Nungunungu walipotea Ngiri na mkewe, vivyo hivyo, kama waliomezwa na hewa. Wanyama wakaweka matanga. Sange akalia mpaka pua ikamvimba.

Walipoanua matanga, kila mtu akarudi kwake. Magharibi ikaingia. Sange yuko peke yake shimoni, akasikia mlangoni:

"Hodi, mwanangu. Hodi."

Sauti ya mama. Akatoka mbio. Hakuna mtu. Majani yametulia, njia ni nyeupe, na hodi inapigwa pale pale mbele ya pua yake.

Sasa sikilizeni. Kwao kulikuwa na mwiko mkubwa. Anayebisha hodi sharti asimame mlangoni aonekane, ndipo aambiwe karibu. Sauti tupu haiitikiwi. Ukiitika sauti isiyo na mwili, walisema, umemfungulia mzuka nyumba na hatoki tena. Kwa hiyo Sange akarudi ndani, akajiziba masikio kwa majani makavu, akajikunyata.

Kesho yake, hodi. Sange kimya. Sauti ikawa nyembamba. Siku iliyofuata, hodi. Sange kimya. Sauti ikawa kama uzi.

Basi jioni moja hodi ikaja ndogo mno, ndogo kuliko ya mbu, na upepo ukaingia nayo shimoni, na ndani ya upepo mlikuwa na harufu. Pua ya Sange ikasimama. Kumbikumbi wa kukaanga.

Akawaza, mzuka unakaanga kumbikumbi kwenye sufuria gani? Asiwadanganye mtu kwamba hakuogopa. Aliogopa, meno yakagongana, ka-ka-ka-ka. Lakini akafungua kinywa akaitika.

"Karibu, mama."

Kitu kisichoonekana kikamkumbatia. Kina joto, kina manyoya, kinalia.

"Siku zote hizo naita, mbona huniitiki?"

"Nilikuwa sikuoni, mama."

"Na mimi, kwa kutoitikiwa, nikadhani nimekufa kweli."

Wakalia pamoja, mmoja anaonekana, mmoja haonekani. Kisha mama akaeleza. Bwana Chui aliokota kitu porini, kitu kilichoanguka kutoka juu isikotoka hata mvua ya mawe. Ni taa, ndogo kama yai la kanga, ina macho mawili. Jicho jeupe likikumulika, zzzii, unafutika. Jicho jekundu likikumulika, unarudi. Chui anawavizia wanyama njiani, anawafuta, halafu anawaambia lima shamba langu, tukivuna nitakurudisha. Wakavuna. Akasema, basi msimu ujao.

"Na kuna jambo lingine," mama akasema. "Kila tukienda makwetu tukabisha hodi tusiitikiwe, sauti inapungua. Nungunungu yake imekwisha kabisa. Na yangu, mwanangu, unaisikia ilivyobaki."

Sange aliisikia. Sauti ikikatika, mama hana mwili wala sauti, atabaki nini cha kumwita mama? Harufu tu.

Asubuhi akaenda kuliona shamba la Bwana Chui. Jembe likapanda, jembe likashuka, mlimaji haonekani. Kwa! Kwa! Jembe likapanda, jembe likashuka, mlimaji haonekani. Kwa! Kwa! Jasho likadondoka kutoka hewani likalowesha udongo. Upande mmoja wa shamba wimbo wa kulima ulisikika kwa mbali. Upande wa pili majembe yalipanda na kushuka kimya kimya, na huko Sange nywele zilimsimama. Majirani walipita njiani wakasema Bwana Chui kabarikiwa, shamba lake linajilima. Wakapita zao bila hata kuwapa pole wenye kazi.

Chui mwenyewe alikuwa amejinyoosha kwenye kitanda cha kamba, anaguguna mfupa, taa iko kifuani.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Umefuata nini, kidudu mtu? Nikufute?"

Sange akasema kufutwa hakuna haraka, yeye amekuja na habari ya harusi. Swala anamwoza binti yake leo hii mchana. Nyama zimechemka, wali umeungwa nazi, masufuria yamepangwa uwanjani kama ng'ombe zizini. Chui akaacha kuguguna. Akanung'unika kwamba harusi za watu hazimfai, maana akitokea tu, masufuria yanaingizwa ndani.

Sange akamwambia ajifute mwenyewe. Chui akacheka. Alishaliwaza hilo, akasema, lakini waalikwa watakuwa wamejaa pale, wanakula, na yeye ataambulia makombo.

"Ndiyo maana nimekuletea hizi," Sange akasema, akatoa njuga, zile za kufunga miguuni kwenye ngoma. "Utaingia uwanjani huonekani, njuga zinalia, chwa chwa chwa. Wakisikia miguu wasiione miguu, nani atakaa? Watakimbia na viatu wataviacha. Masufuria hayana miguu, bwana wangu, yatabaki."

"Yote?"

"Yote. Mpaka ukoko."

Chui akanyoosha miguu. Sange akamfunga mguu wa kwanza, fundo juu ya fundo. Akamfunga wa pili, fundo juu ya fundo. Akamaliza yote minne, na kila fundo akalitia meno likakaza. Chui hakuuliza chochote, mate yalikuwa yameshajaa kinywani.

Akashika taa, akajigeuzia jicho jeupe. Zzzii. Miguu ikaenda na njuga zake. Tumbo likaenda. Kichwa kikaenda. Taa ikabaki inaelea peke yake hewani.

"Naonekana?" sauti ikauliza.

"Mkia, bwana. Ncha ya mkia imebaki."

Ni kweli, ilikuwa imebaki, inaning'inia juu ya kitanda kama kitu kilichosahauliwa. Chui akajipinda huku, mkono haufiki. Akajipinda kule, mkono haufiki. Mwisho akaiweka taa juu ya kitanda, akageuka, akaurudisha mkia mbele ya mwanga. Zzzii. Mkia ukafutika.

Na taa nayo haipo. Sange ameshaitia kinywani, anakata majani.

Chwa chwa chwa chwa! Nyuma yake majani yanalala yenyewe. Sange hakuona jino, hakuona ukucha, lakini pumzi ya moto ilimpiga kisogoni, ikinuka nyama ya jana. Njuga zikilia kushoto, Sange anakwenda kulia. Njuga zikinyamaza, anajua Chui ameruka, anajitupa kando, na ardhi inachimbika pale alipokuwa. Akauona mlango wake wa mbele, akazama, chubwi! Kucha zikaanza kufukua, udongo unaruka na mrushaji haonekani. Sange huyo, akatokea mlango wa nyuma, akashika njia ya shambani.

Akaligeuza jicho jekundu akamulika majembe. Chini ya jembe la kwanza akatokea Ngiri. Chini ya jembe la pili akatokea mkewe. Wakatokea wengi, wamekonda, wanajitazama mikono. Sange akaita, "Mama!" Kimya. Akamulika tena, akaita tena. Kimya. Akafuata pua, akapita majembe haya, akapita majembe yale, mpaka penye jembe dogo la mwisho lililoegemea hewa. Akalimulika.

Mama alikuwa amesimama pale, kinywa wazi, anaita na hasikiki. Kumbe muda wote alikuwa anaitika. Sange akamwambia, "Karibu, mama. Karibu, mama. Karibu." Na sauti ikaanza kurudi, inakwaruza kama mlango wa zamani.

"Nimekaribia, mwanangu."

Kando ya shamba, chwa. Njuga zikasimama. Wote wakageuka, hawakuona kitu.

"Sange," kando ile ikasema, taratibu kabisa. "Nimulike, ndugu yangu. Nirudishe."

Hakuna aliyeitika. Sange akaiweka taa juu ya jiwe. Ngiri akanyanyua jembe. Jembe likapanda, jembe likashuka, na safari hii mlimaji alionekana. Kwa! Taa ikalia zzz, ikafifia, ikazima.

Chui hajawahi kumkamata mtu tangu siku hiyo. Akinyemelea, njuga zinamtaja. Akitaka kufungua mafundo, hayaoni, anajichana ngozi yake mwenyewe. Nungunungu alirudi na miiba yake yote, ila sauti haikurudi mpaka leo, na wenzake ndio humtangulia kumsalimu. Ndiyo sababu wanyama wakikutana hunusana kwanza. Hawayaamini macho tena.

Na kila magharibi, mlango kwa mlango, chwa, chwa, chwa. Hodi. Jamani, hodi. Sauti inazidi kuwa nyembamba. Kwa Sange huwa inakaa zaidi. Mama mtu anamtazama mwanawe, mwana anaitazama sufuria, na kumbikumbi wanaendelea kukaangwa.

Sasa fundisho, watoto wazuri, maana najua mmelingojea. Fundisho ni hili: sauti usiyemwona mwenyewe, usiiitike kamwe! Sange aliitika, na mnaona alichoambulia: mama mzee, mkali, anayegombeza toka asubuhi. Angekaa kimya, angelala usingizi wake na kumbikumbi wote wangekuwa wake.

Hodi ya ngano imekwisha!

"Iende na kivuli chake!"

Na kisicho na kivuli kibaki nje. Haya, inukeni. Wewe wa mlangoni, mbona umeganda? Umesikia nini? Njuga? Ni mbuzi wa jirani huyo, fungua tu.

Ngoja. Nusa kwanza.