Dang'a Iliyoganda Chunguni

Hapo zamani za kale, watoto wangu (na ninyi wa nyuma acheni kusukumana!), wanyama walikuwa na nyumba, mazizi na mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa Kifaru. Kwa nini Kifaru? Kwa sababu alikuwa mnene. Sifa nyingine hana.

Katibu wake alikuwa Fisi. Na Nguchiro, kajitu kadogo kama kiatu, mwenye digrii ya mifugo, hakuwa na kazi. Alipoomba kazi kwenye zizi la kijiji, Fisi alimjibu, "Huna eksipiriensi." Kazi akapewa mpwa wa Fisi, anayeogopa ng'ombe.

Basi Nguchiro akawa anaishi kwa Bi Ng'ombe, akimkatia majani.

Asubuhi moja, pwaa! Bi Ng'ombe akazaa. Ndama jike, ameloa chapachapa, anatetemeka.

"Nguchiro mwanangu, njoo! Huyu naye asije akafa kama kaka yake!"

Nguchiro akaja mbio. Akampangusa ndama ute puani, akamsugua kwa nyasi kavu, suku, suku, suku.

"Sasa anyonye dang'a, Mama. Haya maziwa ya kwanza, mazito, ya njano, ndiyo kinga yake. Asipoyapata leo, ugonjwa wowote ukipita njiani unaondoka naye."

Bi Ng'ombe akaanza kulia. "Unasahau desturi? Dang'a ni ya Mwenyekiti! Mwaka jana walinikamua mpaka tone la mwisho. Kaka yake nikampa maji ya uji. Akaharisha, akaniaga."

Nguchiro akasaga meno. "Mwaka huu haniagi mtu hapa."

Hajamaliza kusema, gudu! gudu! gudu! Ardhi ikatikisika. Fisi huyo, kibuyu mkononi. Nyuma yake Kifaru mwenyewe, maana mwaka jana kibuyu kilipungua njiani na Katibu alirudi na masharubu ya njano.

"Mtoe huyo ndama kwenye chuchu!" Fisi akafoka. "Taratibu ni taratibu!"

"Shikamoo, Mheshimiwa," Nguchiro akainama mbele ya Kifaru. "Dang'a ipo, tena imejaa kiwele. Ila mtu mkubwa kama wewe atakunywa maziwa mabichi kama mtoto? Tuchemshe kidogo kwanza, uonje."

"Ehee!" Kifaru akafurahi. "Huyu ana adabu. Katibu, wewe hujawahi kunichemshia."

Nguchiro akakamua kidogo tu, akatia chunguni, akabandika mafigani. Akaanza kuchochea moto, huku anapiga soga.

"Mheshimiwa, nasikia tumbo lako lina moto sana."

"Moto? Tanuri! Natafuna miiba ya mgunga, ikifika tumboni inakuwa uji!"

"Kuliko moto huu wa kuni?"

"Huu ni moto au utani?"

Chunguni, bwata, bwata... halafu kimya. Nguchiro akaepua. Akakipindua chungu juu chini. Hakikudondoka kitu!

Kifaru, ambaye macho yake ni mapambo tu, akasogeza pua. "Maziwa yameenda wapi?"

"Yameganda, Mheshimiwa. Bonyeza."

Kifaru akabonyeza. Magumu! Akarudi nyuma, akashika tumbo. "Mama yangu! Ndiyo maana mwaka jana sikwenda msalani juma zima!"

"Moto mdogo tu huu, Mheshimiwa. Sasa kwenye tanuri..."

"Uongo!" Fisi akaruka. "Mbona ndani ya Ng'ombe hayagandi?"

"Yako kwenye kiwele, Katibu, si tumboni. Au hujui tofauti? Na eksipiriensi yote hiyo?"

"Basi nipe mimi! Tumbo langu baridi!"

"Wewe? Si ndiye unayejisifu kila siku kwamba unayeyusha mifupa?"

"Nyamaza, Katibu!" Kifaru akanguruma. "Ulikuwa unaniletea jiwe ninywe, wewe!"

"Mzee, mimi..."

"Nyamaza! Nguchiro, nani ana tumbo baridi?"

"Aliyezaliwa leo, Mheshimiwa. Hajawahi hata kula jani."

"Basi natangaza: kuanzia leo, dang'a ni ya ndama! Mkubwa asiiguse! Na hilo jiwe kalizikeni mbali!"

Akaondoka gudu gudu, Fisi akimfuata na kibuyu kitupu.

Nguchiro akamwongoza ndama mpaka kwenye chuchu. Nyu, nyu, nyu! Mkia ukaanza kucheza. Tumbo likajaa. Miguu ikayumba, ikayumba, ikasimama.

"Na lile jiwe, mwanangu?" akauliza Bi Ng'ombe.

"Nalizika, Mama," akajibu Nguchiro, mdomo umejaa. "Tamu kweli. Una chumvi?"

Basi watoto, hadithi yangu naitua hapa, na mkumbuke hili: mkubwa akinyang'anya cha mtoto, usimwombe huruma, mtishe kwa tumbo lake mwenyewe.