Maji ya Wiki ya Mwisho

Wapendwa, leo nimepanda hapa mimbarini na kitunguu mfukoni. Mnanijua, darasa la sita nililiachia njiani, lakini kwenye vitunguu bwana shamba mwenyewe hunipisha nikaongea. Basi sikilizeni.

Kulikuwa na mkulima mmoja, mfalme wa vitunguu. Lori la wanunuzi likisimama, jina la kwanza kuulizwa ni lake. Kando ya majaruba yake palikuwa na nusu eka ya kanisa, imelala miaka, naye moyoni alishaifanya yake. Wazee wa kanisa wakampa mama mmoja kijana, mgeni, hajawahi kulima. Wakamwambia, "Jaribu msimu mmoja. Ukivuna vizuri, endelea. Ukishindwa, tunampa mwingine." Wakampa na zamu ya maji ya mfereji. Halafu wakamgeukia mkulima: "Mzee, wewe ndiye utamfundisha."

Hapo ndipo walipomchoma! Kila asubuhi anachungulia ng'ambo ya mfereji. Akiona miche ya mama imesimama, chai haishuki.

"Vya kwake vinanenepa," akamwambia mkewe.

"Si wewe unayemfundisha?"

"Ndicho kinachoniuma!"

Mnacheka? Msianze kumtafuta kwa macho, hayupo humu. Au yupo?

Msimu ukakaribia mwisho, majani yakaanza kulala. Mama akavuka mfereji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Majani yangu yanalala. Maji niendelee au niache?"

Wakulima, jibuni. Tunafanyaje? Tunakata maji! Shingo ikauke, kitunguu kisioze. Yule mzee alilijua hilo kabla hajaota ndevu. Lakini akavitazama vile vitunguu vinono, akameza mate, akasema:

"Mwanangu, kulala huko ni kiu. Mwagilia mpaka siku ya kung'oa. Siri hii sijampa mtu."

"Mungu akubariki, baba. Sitaisahau."

Kesho yake akaziba maji kwenye majaruba yake mwenyewe, akasafiri wiki mbili kwenda kumwoza binti yake. Watu wanacheza, yeye yuko na pilau lake pembeni, anacheka peke yake.

Aliporudi, hata begi hakulipeleka nyumbani. Moja kwa moja shambani, kutazama maangamizi. Akakuta vitunguu vya mama vimeng'olewa na kuanikwa, vyekundu, vimekauka, ukivigusa maganda yanalia kama karatasi. Akageukia vyake. Tope! Akavuta kimoja, shingo ikabaki mkononi, kitunguu kikabaki chini. Na ile harufu, wapendwa, nawaachia wenyewe.

"Nani amefungulia maji humu?"

Mama akaja mbio, uso umejaa furaha. "Mimi, baba! Nilikuta majani yako yamelala kuliko yangu. Nikasema, mwalimu wangu vitu vyake vinakufa kwa kiu na mwenyewe hayupo. Nikakupa zamu zangu zote mpaka leo asubuhi. Vyangu nikaviacha vikose, majani yalipokauka nikaving'oa tu."

Mzee akaitupa ile shingo mferejini. Angemgombeza kwa lipi? Kwa kumtii?

Sasa tuje kwetu sisi, maana mzee nimemmaliza. Kamati yetu imegawa mashamba ya kanisa kwa vijana, tukapiga makofi hapa hapa. Makofi ni rahisi. Lakini siku ya Jumanne kijana akikuuliza mbegu ipi inakubali udongo huu, unamwambiaje? Akikuuliza mnunuzi gani ni mkweli, unakohoa? Tunampa mtu ardhi kwa mkono mmoja, kwa mdomo tunamnyang'anya. Na mimi ninayesema haya, nimeshawahi kukohoa.

Hiki hapa kitunguu. Nakiweka mezani. Ukitoka, mwone jirani yako mpya, mwambie maji yanakatwa lini. Mwambie kweli, ndugu yangu, kwa sababu anakuamini, na siku utakapokuwa safarini atalitunza shamba lako vile vile ulivyomfundisha.