Ubaridi wa Bi Kidawa

Mzee Mbaruku wa Pangani alikuwa na nyumba ya vyumba viwili vilivyopakana. Kikubwa, chenye madirisha ya baharini, alikaa mwenyewe, madirisha kayafunga na kiyoyozi kinanguruma kutwa. Kidogo kisicho na dirisha alikaa mpangaji wake, Bi Kidawa, mjane mcha Mungu mwenye ulimi laini.

Siku moja mzee alichungulia kwa mjane akakuta baridi tele. Hapakuwa na hata pangaboi.

“Bibi wee, ubaridi huu waupata wapi? Mimi umeme wanitoa roho na bado natoka jasho.”

“Ni rehema ya Mola, mzee wangu. Chumba hiki sikibadilishi na cha mtu.”

“Utabadilishana nami, ama kesho uhame.”

Bi Kidawa akalia kidogo, kwa adabu. “Basi tusome Fatiha mbele ya majirani, usije ukanigeuka.”

Fatiha ikasomwa, wakabadilishana. Adhuhuri haijafika, mzee alikuwa amevua kanzu, jasho linamchuruzika, anagonga ukuta.

“Kidawa, mbona huku tanuri?”

“Huko ni tanuri siku zote, mzee wangu. Ukuta wetu haufiki darini, basi baridi ya kiyoyozi chako ilikuwa ikimwagikia kwangu. Sasa nimekizima. Nimefungua madirisha, upepo wa bahari wanitosha.”

“Kiwashe basi, mama, nakufa.”

“Fatiha tumeshaisoma. Naomba usigonge ukuta, nataka kuswali.”