Simba na Mwanamke Chini ya Bakuli

Palikuwa na sultani aliyependa fedha kuliko usingizi, jina lake Hilali. Birika lake la fedha, sinia la fedha, hata kijiti cha kuchokolea meno. Siku moja akapiga mbiu: kila chombo cha fedha chenye alama ya simba ni chake, kwa kuwa simba ni yeye!

Watu wakanung'unika, wakaleta, vikarundikwa barazani. Akabaki Mwanakheri, muuza bokoboko, mwenye bakuli la fedha la Kiholanzi. Nahodha mmoja Mholanzi alimpa marehemu baba yake, mchukuzi wa bandarini, kwa kumwopoa majini. Urithi wake ndio huo tu. Askari wakamkokota, yeye na bakuli, mpaka barazani.

Sultani akalipindua. Kwenye kitako palikuwa pamegongwa vialama vidogo.

"Simba huyu! Na taji kavaa! Ni nani kama si mimi?"

"Ni wewe, Maulana. Mkao wako kabisa."

"Basi bakuli langu."

"Lako. Ila nieleweshe, huyu mwanamke uliye naye ni nani?"

Sultani akakodoa macho. Lahaula! Kando ya simba palikuwa na kichwa cha mwanamke, kofia ya chuma kichwani, uso kaugeuzia mbali na simba.

Nyuma ya pazia bangili zikalia. Bi Zuwena, mke wa sultani, alikuwa akisikiliza.

"Mwanamke gani?"

"Hakuna mwanamke!"

"Yupo, Bi Mkubwa," akasema Mwanakheri. "Ni kijana, pua imechongoka."

"Nani huyo, Hilali?"

Kuitwa jina tupu mbele ya watu! Sultani akageukia pazia.

"Ni... ni wewe, mke wangu!"

"Mimi nina pua hiyo?"

Baraza zima likatazama dari.

"Sikilizeni!" sultani akapiga kelele. "Sonara wangu alinieleza zamani! Simba ni alama ya Waholanzi, kwamba fedha ni safi. Mwanamke ni alama ya wakaguzi wao. Wallahi simjui!"

"Kumbe simba si wewe?" akauliza Mwanakheri.

"Si mimi!"

"Na bakuli si lako?"

"Si langu! Lichukue, potea!"

Watu kusikia hivyo, wakavamia rundo la vyombo, kila mtu na chake. Mwanakheri akalikwapua bakuli lake, akashika njia. Sultani akamwita, kwa sauti ya chini pazia lisisikie:

"Wewe! Na kama ningesema yule ni mama yangu?"

"Ningekuuliza, Maulana, ulimkosea nini hata akakupa kisogo."