Elieneza na Mlinzi wa Mfereji

Mtu mmoja alikuwa na kipawa cha kusema. Jina lake Elieneza, mkulima wa kitongoji cha chini, mahali ambapo maji ya mfereji hufika yakiwa yamebaki machache. Mwaka wa ukame alitaka uenyekiti wa mfereji, akaona kwamba watu wenye kiu huelewa hasira upesi kuliko hoja. Basi kila mkutano wa kitongoji chake akawasema watu wa kitongoji cha juu: "Hao ni kupe. Na kupe habembelezwi, hubanduliwa akasagwa." Watu wakacheka hadi machozi. Naye akakipenda kicheko kile, akawa anakitafuta kila mara kwa neno kali kuliko la jana.

Nyuma ya mkutano alikaa Kangero, mtu mkimya ambaye mahindi yake yalikuwa yamekauka yote. Yeye hakucheka. Alisikiliza.

Asubuhi moja Kangero alipanda mlimani na jembe lake. Akamkuta Mbaga, mtu wa kitongoji cha juu na mlinzi wa lango la maji, ameinama akizoa majani yaliyoziba mfereji, ili maji yapate kushuka chini. Akampiga kichwani. Mbaga akakata roho kabla ya adhuhuri.

Kangero akakamatwa, na baraza la wazee likamwita Elieneza. Akaapa kwamba siku ile alikuwa shambani kwake, kwamba hakumtuma mtu, kwamba kupe lilikuwa neno tu la kuchangamsha mkutano. Yote yalikuwa kweli. Baraza halikumwona na hatia, likamwacha aende zake.

Lakini moyo wake haukumwacha. Akaenda mahabusu kumwona Kangero, akitumaini kusikia kwamba ulikuwa ugomvi wa zamani kati yake na Mbaga, au pombe, au wazimu.

"Nani alikutuma, mdogo wangu?"

Kangero akamtazama bila chuki, kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo linalojulikana.

"Mzee, si tulikubaliana sote?"

Elieneza alirudi kwa miguu. Mkutano uliofuata alisimama kuwaambia watu kwamba Mbaga alikuwa mtu, mwenye mke aitwaye Namsifu na watoto watatu, na kwamba yeye, Elieneza, alikosa. Hata hajafika katikati, sauti ikatoka nyuma: "Tuambie ya kupe!" Wakacheka. Akatafuta neno la kuwanyamazisha, yeye aliyekuwa hakosi neno, asilipate. Akaketi.

Sheria ilihesabu mikono miwili kwenye mpini wa jembe lile. Ninyi mliokuwa mkicheka, mnahesabu mingapi?